Picha Aliyoahidiwa Mzee Mworia

Kama kuna kitu kilichomtia Rehana kichefuchefu kuliko nzi ndani ya maziwa, ni simu ya Mutahi. Simu yenyewe ilikuwa ya maana, ya bei ambayo mtu hutaja kwa kunong'ona. Shida ilikuwa kioo chake. Mutahi alikuwa na tabia ya kula chipsi na kupekua picha kwa vidole vilevile, na kila alipofika dukani kwa Rehana kuchapisha kazi yake, alimkabidhi kitu kilichopakwa mafuta kutoka pembe hadi pembe. Rehana alikipokea kwa tishu. Mutahi aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha.

"Wewe uko na madharau sana," alimwambia. "Hiyo ni mikono ya msanii."

Msanii! Haya, na tumwite msanii, kwa kuwa ndivyo alivyojiita. Kijana huyu wa Gatitu, pale ukingoni mwa mji wa Nyeri, aliuza kamera yake kubwa miaka miwili iliyopita, akatangaza mtandaoni kwamba atauzunguka mlima wote akiwa na simu tu mfukoni, na kwamba kila picha itakayompendeza ataichapisha kwenye karatasi. Nanyuki, Timau, Meru, Chogoria, Embu, Karatina, mpaka Kiriaini kwenye majani chai. Watu wakampenda. Ukweli usemwe, jicho alikuwa nalo. Mungu hugawa vipawa bila kuuliza tabia. Na karatasi hizo zote zilitoka kwenye mashine ya Rehana, katika kijiduka karibu na soko alichoachiwa na marehemu baba yake, Farid, aliyekuwa mpiga picha wa mji kabla simu hazijamfanya kila mtu kuwa mpiga picha.

Farid alikuwa mpiga picha wa kutembea. Kila Krismasi alizunguka vijijini, Tetu yote hadi Giakanja, akawapanga watu mbele ya nyumba zao na nguo zao za kanisani, kisha baada ya wiki mbili akarudi kwa miguu na bahasha, mlango kwa mlango. Hapakuwa na kupiga picha bila kurudi. Kwa wazee wa huku mlimani, hadi leo, hiyo ndiyo maana ya kupigwa picha: mtu anakuja, anakutazama kwa jicho moja, anaenda zake, halafu anarudi amekubeba mkononi. Asiyerudi anatajwa pamoja na wezi wa ng'ombe.

Mutahi hakurudi popote. Alikuwa amewapiga picha watu mamia, na wote aliwaambia "nitawaletea" kwa wepisi wa mtu anayetema ganda la muwa. Rehana alilijua hilo, na lilimchukiza, na alinyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri na mashine haipendi kulala. Tuliseme na hilo pia, tusimfanye malaika.

Mwezi wa Machi Mutahi alimwomba waende pamoja Chogoria, upande wa mashariki wa mlima. Alitaka nyuso za wazee, na wazee wa huko walikuwa wanamfukuza. Rehana alikuwa na ulimi wa kuongea na wazee. Ndivyo walivyofika kwa Mzee Mworia na mkewe Kinya, juu kabisa, mahali mashamba ya chai yanapokaribia msitu. Mworia alikuwa na koti la kijivu na kofia ya ukingo mpana, na alikataa kabla hawajamaliza kusalimia.

"Mimi sipigwangi picha," alisema. "Mmoja alikuja hapa themanini na nne. Akanipiga na mtoto yangu kwa mkono, kijana yangu ya kwanza. Hakurudi. Mtoto akakufa na surua mwaka hiyo hiyo. Sasa ata sura yake siwezi kumbuka."

Mutahi alikuwa akitafuta mwanga, hakusikia hata neno. Rehana alisikia, akaona aibu kana kwamba yule mwizi wa themanini na nne alikuwa wa ukoo wake. Akasema, bila kumwuliza mtu, "Hii utaletewa, mzee. Nitaleta mimi mwenyewe. Baba yangu alikuwa mtu wa picha, na hakuna nyumba hakurudi."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini wake ulikuwa umeshajikwaa. Mzee akaketi kwenye kiti cha miguu mitatu, akaweka mikono magotini.

"Sawa," alisema. "Lakini niletee kubwa."

Mutahi alipiga picha kumi na moja, na kazi ikaisha kwa dakika nne. Kinya aliwapa chai, akawafungia na ndizi za kwenda nazo. Ndizi hizo Mutahi alizila zote kabla ya Chuka, maganda akayatupa dirishani.

Aprili ikapita, Mei ikapita. Kutoka boma lile Mutahi alileta picha moja tu ya kuchapishwa: mikono ya Mworia juu ya magoti, picha imekatiwa kwenye vifundo vya mikono, kubwa kama meza, ya kwenda kwenye lodge moja ya watalii huko Nanyuki. Ilikuwa picha nzuri kweli. Rehana alimwuliza, na uso? "Uso uko," alijibu Mutahi. Akamwuliza tena, na tena, mara sita kwa hesabu yake. Mara simu imejaa, mara yuko Timau, mara atamtumia jioni. Rehana naye akazama katika kadi za harusi na picha za pasipoti, na Chogoria ni mbali.

Julai, siku ya Jumatatu, ukungu umelala juu ya mji na watu wamevaa makoti hadi madukani, akapigiwa simu na nambari asiyoijua.

"Rehana? Naitwa Ntinyari, msichana wa Mzee Mworia wa Chogoria. Mzee alituacha jana. Tunazika Alhamisi. Nilikuwa nauliza ile picha."

Rehana alitoa pole zake.

"Hatuna ingine," Ntinyari aliendelea. "Kitambulisho yake ilioshwa ikiwa kwa mfuko ya koti mpaka ikabaki nyeupe tu. Mama ametuambia tusisumbuke kutafuta, ati kuna msichana wa Nyeri alisema ataleta yeye mwenyewe. Ata mzee akiwa hospitali alikuwa anauliza kama umefika."

Asubuhi iliyofuata Rehana alikuwa Gatitu, mlangoni kwa Mutahi. Alimkuta amelala kwenye kochi na soksi zake, sahani ya jana sakafuni, mafuta yameganda yakawa meupe pembeni mwa mifupa ya kuku. Chumba kilinuka usingizi. Rehana alisimama karibu na mlango, hakutaka hata kuegemea ukuta.

"Nataka uso wa Mzee Mworia," alisema.

"Mzee gani?"

"Wa Chogoria. Wa mikono."

"Aaa, wa mikono!" Mutahi alifurahi, akakaa. "Hiyo iliweza, Rehana. Waliiweka kwa ile korido ya kuenda choo. Wageni wanaipenda mbaya."

"Mzee amekufa. Wanataka uso wake."

"Pole," alisema, akajikuna shingo. "Uso nilifuta."

"Zote?"

"Zilikuwa na shadow ya kofia, msee. Uso wa hivyo hauuzi. Mikono inauza. Na simu ilikuwa imejaa, nilikuwa naenda Timau. Si ungenikumbusha?"

Rehana aliichukua simu yake, safari hii bila tishu. Kwa muda mrefu alikuwa akimwonea kinyaa mtu huyu kwa ajili ya vidole vyake, na kumbe vidole ndivyo vilivyokuwa nafuu. Walitafuta kila mahali picha inapoweza kujificha ndani ya simu. Hapakuwa na kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Mutahi, kama kawaida yake, alikuwa na maji mengine.

"Tulia," alisema. "AI itatusort."

Akaifungua programu kwenye simu, ile ya kuandikiwa maneno ikachora mtu asiyekuwepo, ukadhani amepigwa picha. Akaandika huku akitafuna njiti ya meno. Mzee wa kwanza alitokea na shanga shingoni na ngozi ya chui begani, anacheka, meno yote thelathini na mawili yanang'aa. Mworia alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na meno ya mbele hakuwa nayo. Mutahi akacheka mpaka akakohoa. Wa pili aliondolewa ngozi ya chui akabaki na meno. Wa tatu alifungwa mdomo. Wa nne akavishwa koti la kijivu na kofia ya ukingo mpana, na kivuli kikamshukia machoni.

"Cheki," alisema Mutahi. "Si ni yeye?"

Alikuwa mzee mzuri. Mikunjo ilikuwa mahali pake, macho yalikuwa na majimaji ya huruma, kama ya mtu anayetangaza dawa ya maumivu ya viungo. Angeweza kuwa mzee yeyote wa mlima huu, na hilo ndilo lililomtisha Rehana.

"Huu ni uchafu, Mutahi."

"Ni picha tu."

"Ni uchafu," alirudia, akatoka nje, akatema mate barabarani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya maishani mwake.

Alipofika dukani alimpigia Ntinyari. Alikuwa ameyapanga maneno yote njiani. Lakini alianza na yale mepesi: kwamba ile ya uso haikutoka vizuri, na kwamba ana picha nzuri sana ya mikono ya mzee, angeweza kuichapisha kubwa.

Ntinyari akauliza, "Mikono?"

"Ni yake kabisa. Imetoka vizuri."

"Rehana, tubebe mikono mbele ya jeneza? Watu waseme tulizika mtu hana kichwa?" Sauti yake ilianza kukatika. "Mtu wa kuchapa programu ya mazishi anangojea picha mpaka saa kumi. Akikosa leo anafunga. Nimelala masaa tatu tu tangu Jumapili. Si wewe ulisema utaleta? Si ulimwambia mzee?"

Hapo ndipo pa kusema ukweli, na palikuwa wazi kama lango lisilo na mlinzi. Rehana aliupata ukweli wote mdomoni, akausikia uzito wake, akaumeza.

"Nitakutumia sasa hivi," alisema.

Mutahi alimtumia yule mzee wa nne bila kuuliza swali, na chini yake akaweka kile kidole gumba cha kusifu kazi. Rehana alimpeleka Chogoria kwa simu, kisha akamchapisha, kubwa, kama alivyoagiza marehemu. Karatasi ilipokuwa ikitoka, paji kwanza, halafu macho, halafu mdomo uliofungwa kwa amri, aligeuka akatazama ukuta. Harufu ya wino aliyoizoea tangu utotoni ilimkera kama ya mzoga. Alinawa mikono kwa sabuni mara tatu, akajiambia ni kwa ajili ya yule mama mjane. Uongo huo nao ulimchukiza, lakini hakuuacha.

Alhamisi aliondoka Nyeri alfajiri, fremu imefungwa ndani ya leso. Alipofika Chogoria saa tatu hema lilikuwa limeshasimamishwa na watu wamejaa, kila mmoja na programu mkononi, na juu ya kila programu yule mtu. Programu mia tatu! Hata kwenye nyasi alikuwepo, amekanyagwa kiatu.

"Ni yeye kabisa," mwanamke mmoja wa kanisa alimwambia jirani yake.

"Anakaa tu kama anataka kuongea," jirani akajibu, akajifuta macho.

Mpwa mmoja aliyekaa Nairobi, na ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwa amepanda huku kwa miaka tisa, ndiye aliyesifu kwa sauti kubwa kuliko wote. Alisema mjomba hajabadilika hata kidogo. Rehana alipita katikati yao akitamani mtu mmoja tu, hata awe mlevi, asimame aseme huyu siye. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanalia kweli, machozi ya kweli, wakimtazama mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na yeye ndiye aliyewaletea. Akaenda kusimama kidogo nyuma ya tangi la maji.

Kinya alikuwa ndani, chumbani, ameketi kwenye kitanda na wanawake wawili. Alipomwona Rehana aliinuka.

"Umekuja," alisema. "Nilijua utakuja. Nyinyi nendeni mnywe chai kidogo, niongee na mtoto."

Wale wanawake walitoka. Kinya hakuwa ameiona programu; maandishi madogo na picha ndogo macho yake hayakuyataka tena. Aliifungua ile leso mwenyewe, taratibu, akaibeba fremu mpaka dirishani. Akaitazama. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Nje watu walianza wimbo, wakaumaliza ubeti mzima.

"Kofia ni yake," alisema hatimaye. "Koti ni yake. Huyu mwenye ako ndani simjui."

Rehana alimwambia yote. Hakubakisha: kufutwa kwa zile picha za uso, programu ya simu, meno, chui, mate aliyoyatema barabarani. Alisema kwa haraka, kichwa chini. Alipomaliza, mama yule aliuliza jambo moja.

"Na hiyo ya mikono iko wapi?"

"Nanyuki, mama."

"Kwa nyumba ya nani?"

"Kwa lodge. Kwa njia ya kuenda choo."

Kinya alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za majirani ambao hakuwahi kuwategemea.

"Ungeniletea hiyo," alisema. "Mkono ya Mworia mimi naijua."

"Ntinyari alisema watu—"

"Ntinyari ndiye bibi yake?"

Rehana alinyoosha mikono kuichukua fremu. "Wacha niende niwaambie, mama. Nitasema ni mimi."

Kinya hakumpa. Alisikiliza nje kidogo. Gari la mochari lilikuwa linaingia, na wimbo ulikuwa umepanda.

"Hapana," alisema. "Wameshalia. Ukiwaambia sasa, kesho hakuna mtu atamkumbuka Mworia, watakumbuka tu kiroja. Watasema yule mzee wa kuzikwa na picha ya uongo. Sitaki azikwe na hiyo." Akaifuta fremu kwa ile leso, akamrudishia. "Lakini mjukuu yangu alikuwa abebe hii mbele ya jeneza. Hatabeba. Utabeba wewe. Mgeni anatembezwa na mtu amemleta."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Rehana angeshukuru.

Basi akaibeba. Alitembea mbele ya jeneza kutoka langoni mpaka hemani, na baada ya ibada kutoka hemani mpaka kaburini, chini ya mipaini, hatua ndogondogo, amemshika yule mtu kifuani, naye akiwatazama watu kwa macho yake ya huruma. Wote waliona ni heshima kubwa amepewa. Mchungaji alimtaja kwa jina, akasema huyu binti Mwislamu ametoka mbali, Nyeri, kuja kutimiza neno alilompa mzee, na sisi Wakristo tujifunze. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja alimshika kiwiko akamwambia, "Mungu akubariki, ulimpiga vizuri sana." Na simu zikainuka pande zote. Walimpiga picha mtu wa kwenye picha, wakamtuma Nairobi, wakamtuma kwa jamaa walio ng'ambo, wakamweka kwenye makundi ya ukoo na maneno ya lala salama. Kufikia saa nane hapakuwa na Mworia mwingine duniani ila huyo. Rehana aliyaona yote hayo kwa macho makavu, na kila alipotaka kutazama chini alikutana na ukingo wa ile kofia.

Kaburi lilipofunikwa na maua kupandwa, mshereheshaji alishika kipaza sauti akaanza kuwaita watu kwa makundi wapigwe picha ya mwisho na mzee, kama desturi ilivyo. Rehana aliambiwa asimame kichwani mwa kaburi ashike fremu juu. Wakaja watoto wa marehemu, Ntinyari mbele yao, amevimba macho. Wakaja ndugu. Wakaja wakwe, wakaja walimu wenzake wa zamani.

"Sasa tunaomba mama," alisema mshereheshaji. "Mama aje apigwe na mzee wake."

Kinya alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono yake miwili imelala juu ya magoti.

"Mimi niliolewa na Mworia," alisema, wala hakuinuka.

Watu walitazamana. Mtu akasema ni uchungu unaongea, mama aachwe apumzike. Mshereheshaji akawaita wajukuu. Walikuwa wengi, wakapangwa safu tatu, warefu nyuma, na Rehana aliendelea kuishika fremu juu mpaka wote wakaisha kupigwa.